Kujikwaa Dole na Kujikwaa Ulimi: Kauli za Waundaji wa Mitambo ya Michezo na Mapokezi ya Wachezaji

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga, na kila mfanyabiashara aliyepata kuipanga bidhaa yake sokoni angependa methali hii iwe kweli siku zote. Hata hivyo, liko soko moja la zama hizi ambalo limeipinga methali hiyo mara si haba. Nalo ni soko la mitambo ya michezo ya video, ile mitambo inayounganishwa na televisheni na kuwafanya vijana, na siku hizi hata wazee wao, wakeshe wakiendesha magari ya kuwazia na kusakata kabumbu isiyochafua viatu. Katika soko hilo upo mtambo ulioharibika mikononi mwa wanunuzi na bado ukapendwa. Upo mwingine, mzima na wenye michezo ya kusifika, ulioachwa dukani kwa sababu watu hawakuelewa ni kitu gani. Upo pia wa tatu, mzima vilevile, uliokataliwa miezi kadhaa kabla ya kufika madukani kwa sababu watu walielewa vyema sana kile walichoambiwa.

Kinachoitenganisha mitambo hii mitatu si vyuma wala nyaya zake tu. Ni maneno yaliyosemwa juu yake, na namna maumbo yake yenyewe yalivyosema na watu.

Yamkini msomaji wa jarida la Kiswahili atauliza mitambo ya Marekani na Japani ina uhusiano gani na taaluma yake. Jibu limo katika dhana ya mapokezi. Mwaka 1967, Hans Robert Jauss wa Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani aliwahimiza wahakiki waache kuitazama historia ya fasihi kama historia ya waandishi na kazi zao peke yake. Kwa maoni yake, kazi hukutana na msomaji ambaye tayari anao upeo wa matarajio, yaani yale aliyoyasoma, aliyoyazoea na anayoyatumaini, na thamani ya kazi hiyo haiwezi kuelezwa bila kumhesabu msomaji huyo. Mwanafunzi aliyeisoma nadharia ya upokezi darasani huenda akadhani kwamba ni chombo cha kuchambulia riwaya na tamthilia pekee. Kumbe hata mtambo wa plastiki nao husomwa, na aghalabu husomwa kabla haujaguswa.

Hili si jambo la kushangaza mtu akizingatia kile kinachonunuliwa. Anunuaye sufuria huigonga kwa kidole dukani, akausikia mlio wake na kujua kama ni nzito au nyepesi. Mtambo wa michezo haugongwi hivyo. Mnunuzi hutoa mamia ya dola kwa ajili ya michezo ambayo mingi haijaundwa bado, katika mtambo atakaokaa nao miaka mitano, sita, hata saba. Ananunua ahadi, na ahadi haina malighafi nyingine isipokuwa maneno. Kwa hiyo jina la mtambo, bei yake, hotuba ya siku ya uzinduzi, umbo la kile kifaa cha kushika mkononi na hata jibu la mkuu wa kampuni kwa mwandishi wa habari, yote ni sehemu ya bidhaa.

Mfano wa kwanza ni Xbox 360, mtambo uliozinduliwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani mnamo Novemba 2005. Kitufe chake cha kuwashia kilizungukwa na duara la taa. Taa hizo zilipowaka kijani, mambo yalikuwa shwari. Lakini kwa wanunuzi wengi ilifika siku ambapo robo tatu za duara hilo ziliwaka nyekundu, mchezo ukakatika na mtambo ukafa. Kwa kupata moto na kupoa mara kwa mara, viunganishi vidogo vya ndani vilikuwa vikipasuka. Wachezaji wa Marekani na Uingereza waliupa ugonjwa huo jina la kutisha, wakauita duara jekundu la mauti. Hakuna kasoro ya muundo iliyo mbaya kuliko hiyo, kwani kifaa kisichowaka si kifaa tena.

Mwanzoni kampuni haikukiri ukubwa wa tatizo, na manung'uniko yakazidi. Hatimaye, mnamo Julai 2007, ilitangaza hadharani kwamba idadi ya mitambo iliyohitaji kukarabatiwa ilikuwa kubwa kiasi kisichokubalika. Ikaongeza muda wa waranti ya kasoro hiyo hadi miaka 3, ikaahidi kuwarudishia fedha waliokwisha kulipia ukarabati, na ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa kazi hiyo. Mtu angetarajia kwamba mtambo wenye sifa mbaya namna hiyo ungezikwa. La hasha. Mitambo zaidi ya milioni 84 ya Xbox 360 iliuzwa, na hadi leo wapo wanaoukumbuka kwa mapenzi.

Haingekuwa haki kudai kwamba ungamo hilo peke yake ndilo lililouokoa mtambo. Mshindani wake mkuu, PlayStation 3 wa kampuni ya Sony ya Japani, ulifika mwaka mmoja baadaye, Novemba 2006, kwa bei ya dola 499 na dola 599 nchini Marekani. Bei hiyo iliwakimbiza wengi. Hata hivyo, ungamo lilifanya jambo ambalo bei ya mshindani isingeweza kulifanya. Lilimwambia mchezaji kwamba hasara aliyoipata ni ya kweli, kwamba si yeye aliyekosea, na kwamba gharama itabebwa na aliyeiunda kasoro. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Microsoft ilikuwa imejikwaa dole, na dole lilitoka damu nyingi. Lakini ulimi, ingawa ulichelewa, haukumlaumu aliyeumizwa.

Mfano wa pili ni wa kampuni ya Nintendo ya Japani, na hauwezi kueleweka bila kuutaja mtambo wake wa mwaka 2006 uitwao Wii. Jina hilo lilipotangazwa, watumiaji wa Kiingereza waliliangulia kicheko kwa sababu ya neno la kitoto linalofanana nalo kimatamshi. Nintendo ilieleza kwamba jina hutamkwa kama neno la Kiingereza lenye maana ya "sisi", na kwamba zile herufi mbili za mwisho ni kama watu wawili waliosimama bega kwa bega. Kicheko hakikudumu, kwa kuwa muundo wenyewe ulithibitisha kauli. Badala ya kidhibiti chenye vitufe vingi kinachomtisha asiyezoea, Wii ulitumia kifaa kilichofanana na rimoti ya televisheni. Bibi ambaye hakuwahi kucheza mchezo wa video maishani mwake alijua namna ya kushika rimoti. Akiambiwa aipunge kama anayepiga mpira wa tenisi, mpira ulikwenda. Kauli ilisema "sisi", na umbo likasema "hata wewe bibi". Mitambo milioni 101.63 iliuzwa.

Mwezi Juni 2011, jijini Los Angeles, Nintendo ilitangaza mrithi wa mtambo huo na kuuita Wii U. Hapo ndipo penye funzo kwa mwanaisimu. Mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba kitenzi "pika" kikinyambuliwa kikawa "pikia", mzizi ni uleule na kilichoongezeka ni uhusiano mpya tu. Hakuna anayedhani kwamba upishi mwingine umezuka duniani. Wanunuzi walilisoma jina la Wii U kwa kanuni kama hiyo. Waliuona mzizi walioujua, wakaona kipande kidogo kimepachikwa mwishoni, wakahitimisha kwamba hicho ni kiongezo cha mtambo ambao tayari wanao nyumbani.

Muundo na maonyesho vikalikoleza kosa. Katika tangazo la kwanza, karibu macho yote yalielekezwa kwenye kidhibiti kipya chenye skrini ya inchi 6.2, ilhali mtambo wenyewe ulionekana kwa shida. Aidha, rimoti za zamani za Wii ziliendelea kutumika, jambo lililokuwa la hisani kwa mnunuzi lakini likamthibitishia dhana yake potofu. Mtambo ulipofika madukani Novemba 2012, mzazi aliyekwenda kununua zawadi ya Krismasi aliona jina alilolizoea na rimoti anazozifahamu. Kwa nini alipe dola 300 au 350 kwa skrini ya ziada? Mwaka 2013 Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo, aliwaeleza wawekezaji kwamba wapo waliodhani Wii U ni Wii ileile iliyoongezewa kidhibiti chenye skrini, na kwamba kampuni ilikuwa haijafaulu kuifikisha thamani ya mtambo kwa watu. Iwata alifariki Julai 2015 kabla ya kuliona jawabu la tatizo hilo likifika sokoni. Uundaji wa Wii U ulikoma Januari 2017, baada ya kuuzwa kwa mitambo milioni 13.56 tu.

Anayeshuku kwamba tatizo lilikuwa la lugha, na si la ubovu wa bidhaa, na autazame mchezo mmoja. Mario Kart 8, mchezo wa mashindano ya magari, ulitolewa kwa ajili ya Wii U mwaka 2014, ukasifiwa, na nakala zake zikafika takriban milioni 8.4. Mnamo Aprili 2017 mchezo huohuo, ukiwa na nyongeza kiasi, ulitolewa tena kwa ajili ya mtambo mpya wa Nintendo uitwao Switch. Nakala zaidi ya milioni 60 zimeuzwa. Barabara ni zilezile na magari ni yaleyale. Chema kilikuwapo tangu mwaka 2014, ila hakikujiuza, kwa maana nyumba kilimowekwa ilikuwa na jina lililowapoteza wageni njiani.

Mfano wa tatu ndio mzito zaidi, na unairejesha Microsoft jukwaani. Tarehe 21 Mei 2013, huko Redmond katika jimbo la Washington, kampuni hiyo ilimwonyesha mrithi wa Xbox 360 kwa jina la Xbox One. Jina lenyewe lilikuwa na utata, kwa kuwa huo ulikuwa mtambo wa tatu katika ukoo wake, si wa kwanza. Lakini utata wa jina ulikuwa jambo dogo. Sehemu kubwa ya uzinduzi ilizungumzia televisheni, yaani namna ya kubadilisha stesheni kwa sauti, kutazama michezo ya ligi na kuzungumza na marafiki wakati filamu ikiendelea. Waliokuwa wakisikiliza ni wachezaji waliosubiri miaka minane kusikia habari za michezo.

Katika fasihi simulizi, fanani wa Kiswahili husema "Paukwa!" kisha akanyamaza. Hasimulii mpaka hadhira imjibu "Pakawa!" Huo si mchezo wa kupoteza wakati. Ni mkataba. Fanani anaomba ruhusa, na hadhira inatoa. Siku hiyo ya Mei fanani alisema "Paukwa" na kuendelea na hadithi yake bila kungoja jibu, na hadithi yenyewe ilikusudiwa hadhira nyingine.

Kisha zikaja kanuni. Katika maelezo ya tarehe 6 Juni 2013, Microsoft ilisema kwamba mtambo utahitaji kuwasiliana na kampuni kupitia intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo michezo isingechezeka. Mtu angeweza kumpa rafiki yake mchezo alioununua katika diski, lakini kwa rafiki aliyekuwa katika orodha yake mtandaoni kwa siku 30 au zaidi, na kila mchezo ungeweza kutolewa hivyo mara moja tu. Kuuza diski iliyotumika kungetegemea idhini ya wachapishaji wa michezo na maduka yaliyoshirikishwa. Fauka ya hayo, kila mtambo ungekuja na kifaa kiitwacho Kinect, chenye kamera na maikrofoni, ambacho kilipaswa kuunganishwa. Kwa sadfa, siku hiyohiyo ya tarehe 6 Juni magazeti ya Guardian na Washington Post yalichapisha habari za mpango wa siri wa serikali ya Marekani wa kukusanya mawasiliano ya watu katika intaneti. Upeo wa matarajio ya hadhira ukabadilika kwa usiku mmoja. Kamera iliyobuniwa kama mlango wa kuingilia mchezoni ikasomwa kama jicho la mpelelezi.

Ili kuyapima makali ya kanuni hizo, msomaji wa Kenya na afikirie kitabu cha shule. Kitabu kimoja cha kiada hutoka kwa kaka kikamfikia dada, kikaazimwa na jirani, kisha kikauzwa kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu kando ya barabara na kuanza safari nyingine. Hebu iwe kwamba kitabu hicho hakifunguki mpaka kiombe ruhusa kwa mchapishaji kila siku, na kwamba kikishafika kwa jirani hakiwezi kwenda mbele zaidi. Hapo mwenye kitabu hana kitabu. Ana kibali cha kusoma. Hicho ndicho wachezaji walichokitambua, na ndiyo sababu hasira yao haikuwa ya kitoto. Lililobishaniwa lilikuwa swali la umiliki: mtu akilipia kitu, je, ni chake? Mintarafu ya Afrika, swali halikufika hata mlangoni, kwa kuwa orodha ya mataifa 21 ambayo mtambo ulipangiwa kuanzia haikuwa na nchi hata moja ya bara hili.

Juma lililofuata, tarehe 10 Juni, kampuni zote mbili zilikutana katika maonyesho ya jijini Los Angeles. Microsoft ilitaja bei ya dola 499. Jioni yake Sony ilipanda jukwaani na PlayStation 4. Jack Tretton, aliyeongoza tawi la Sony la Marekani, alieleza kwamba mtambo wao hautaweka vizuizi vipya juu ya diski zilizotumika wala hautalazimu kuwasiliana na intaneti kila siku, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Bei ilikuwa dola 399. Kampuni hiyo ilitoa pia video fupi isiyofikia nusu dakika ikionyesha namna ya kumpa rafiki mchezo. Mtu mmoja alimkabidhi mwenzake diski, mwenzake akashukuru, basi. Kiini cha kejeli hiyo ni kwamba Sony haikuwa imebuni lolote. Ilichofanya ni kuahidi kutobadilisha jambo ambalo watu walilizoea. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na usiku ule ngozi ilivutwa kwa ustadi.

Ulimi ulikuwa bado haujamaliza kujikwaa. Don Mattrick, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha Xbox, aliulizwa kuhusu watu wasio na intaneti ya kutegemewa. Alijibu kwamba kampuni inayo bidhaa kwa ajili yao, nayo ni Xbox 360. Kwa mantiki ya biashara jibu hilo halikuwa la uongo. Kwa sikio la hadhira lilikuwa sawa na mwenye hoteli anayemwambia mgeni kwamba kama viti vya ndani vimemshinda, kuna kigogo nje. Tarehe 19 Juni 2013 Microsoft ilizifuta kanuni za diski na za saa 24. Mattrick aliihama kampuni mwezi uliofuata. Mnamo Juni 2014 mtambo ulianza kuuzwa bila Kinect kwa dola 399.

Lipo jambo moja ambalo husahaulika katika masimulizi ya kisa hiki. Ndani ya kanuni zilezile zilizochukiwa kulikuwa na ahadi njema: watu hadi kumi wa familia moja wangeweza kuitumia maktaba ya michezo ya mwenzao, popote walipo. Kanuni zilipofutwa, ahadi hiyo nayo ilifutwa. Watu hawakuililia kwa sababu wengi hawakuwahi kuisikia vizuri. Kampuni ilitangaza vizuizi kwa lugha ya sheria, ikaziacha faida zijieleze zenyewe, nazo hazikujieleza. Hali kadhalika, kufuta kanuni hakukufuta kumbukumbu. Miezi mingi baadaye wapo walioamini kwamba mtambo bado unadai intaneti kila siku. Mwaka 2022, katika nyaraka zilizowasilishwa kwa mamlaka ya ushindani ya Brazili, Microsoft yenyewe ilieleza kwamba PlayStation 4 uliuzwa zaidi ya maradufu ya Xbox One.

Makosa haya mawili, la Nintendo na la Microsoft, hutajwa pamoja kana kwamba ni ndugu. Ukweli ni kwamba yanatofautiana kama kutoeleweka kunavyotofautiana na kudharau. Wii U haikumtukana mtu. Ilishindwa kusema ni nini. Kosa la maana hutibiwa kwa neno jipya, na ndivyo ilivyokuwa. Oktoba 2016 Nintendo iliutangaza Switch kwa video ya dakika tatu na ushei ambayo karibu haina maneno. Kijana anacheza mbele ya televisheni, anauchomoa mtambo kutoka kikalio chake, anaondoka nao, mchezo unaendelea mkononi. Jina lenyewe, lenye maana ya kubadilisha, lilikuwa muhtasari wa video. Mitambo zaidi ya milioni 150 imeuzwa tangu Machi 2017. Mrithi wake alipotoka Juni 2025, aliitwa Switch 2. Safari hii hakuna mzazi aliyehitaji kufasiriwa.

Kosa la heshima ni gumu zaidi. Aliyedharauliwa anaweza kuambiwa kwamba kanuni zimebadilika, lakini hawezi kuambiwa asahau jinsi alivyohesabiwa. Hapo ndipo Xbox 360 na Xbox One, mitambo ya kampuni moja, inapofundisha kwa kulinganishwa. Ule wa kwanza uliwaharibikia watu, nao wakasamehe kwa sababu gharama ilirudi kwa mwenye kosa. Ule wa pili haukumharibikia mtu kwa namna ile, lakini gharama yake, ya intaneti, ya kamera, ya diski isiyoazimika, iliwekwa mabegani mwa mnunuzi kabla hajatoa hata senti. Tofauti ya dola 100 iliwasaidia Sony bila shaka. Lakini hasira ilikuwa imekwisha kuwaka siku kadhaa kabla bei haijatajwa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, hadhira ikiwa mshindi na kampuni yenye kiburi ikiwa imetiwa adabu. Historia haikuishia hapo. Mnamo Novemba 2020 Sony na Microsoft zilitoa mitambo mipya, na kila moja ikatoa pia toleo lisilo na mahali pa kuingiza diski kabisa. PlayStation 5 wa aina hiyo ulianza kwa dola 399, wakati wenye diski ulikuwa dola 499. Xbox Series S ulianza kwa dola 299. Katika mitambo hiyo michezo hununuliwa mtandaoni, na ukishaununua mchezo huwezi kuuuza wala kumkabidhi rafiki mkononi. Kanuni za mwaka 2013 ziliruhusu angalau kutoa mara moja; mtambo usio na diski hauruhusu hata hiyo moja. Mwaka 2024 PlayStation 5 Pro ulitoka kwa dola 699, na kifaa cha kusomea diski kikauzwa kando. Safari hii hapakuwa na ghadhabu kama ile. Mitambo ilinunuliwa.

Nini kilichobadilika? Intaneti iliimarika katika nchi nyingi, na mazoea ya watu yakabadilika pamoja nayo. Lakini lugha nayo ilibadilika. Mwaka 2013 mchezaji aliambiwa kwamba kitu chake kitachukuliwa. Mwaka 2020 aliambiwa kwamba anaweza kuchagua kulipa kidogo. Upotevu ni uleule, tena ni mkubwa zaidi. Katika kauli ya kwanza ulikuwa amri, katika ya pili ukawa hiari na nafuu. Kampuni zilijifunza somo lao, na somo hilo halikuwa la kuacha kuchukua. Lilikuwa la namna ya kuomba.

Hapa ndipo msomi wa lugha anapopata kazi. Methali ya kujikwaa ulimi humwasa msemaji, na wasemaji wa makampuni wameisikia. Wamejifunza kutua baada ya "Paukwa" na kusubiri jibu. Lililobaki ni upande wa anayejibu "Pakawa". Nadharia ya upokezi haikumpa msomaji uwezo wa kukamilisha maana ili alale. Humpa pia wajibu wa kuuliza ni kipi ambacho kauli tamu imekiacha bila kutajwa. Kauli njema humtoa nyoka pangoni, lakini hakuna methali inayoeleza yaliyompata nyoka huyo baada ya kutoka. Hadhira ya mwaka 2013 ilizisoma kanuni neno kwa neno, ikauona umiliki wake ukipungua, ikakataa. Usomaji wa aina hiyo ndio unaofundishwa katika madarasa ya fasihi, na unahitajika zaidi pale ambapo lugha ni laini na bei ni nafuu.